Kiolesura cha sauti kinakwaruza na kukata sauti hata bafa ikiwa 1024: tatizo ni kifaa au kompyuta?

#1 NusuNota

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nina kompyuta mpakato yenye Windows na kiolesura cha sauti cha USB chenye matundu mawili ya kuingizia na mawili ya kutolea, ambacho hupata umeme wake kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Narekodi mwimbaji kwa maikrofoni ya kondensa, kwa 48 kHz na biti 24.

Tatizo lina sura mbili. Ya kwanza ni mikwaruzo midogo midogo isiyo na mpangilio, ambayo husikika ninapocheza wimbo na mara nyingine hukutwa imebaki ndani ya rekodi. Ya pili hutokea kwa nadra: sauti hukatika kabisa kwa muda, kisha ama hurudi yenyewe ama programu ya kurekodia hulalamika kwamba kifaa hakionekani. Nimepandisha bafa kutoka 128 hadi 1024. Mikwaruzo imepungua lakini haijaisha. Kipimo cha kichakataji ndani ya programu hakivuki asilimia 25. Mimi naona kifaa kimechoka na dawa yake ni kununua kingine, ila kabla ya kufika huko naomba kusikia kutoka kwa waliopitia haya.

#2 FundiMkimya

Mkuu, usinunue kitu bado. Bafa ni akiba, mithili ya maji ya mtungini: kiolesura huchota kwa mwendo usiobadilika, kompyuta hujaza kwa mikupuo, na mtungi ukikauka hata kwa nukta moja ndipo unaposikia mkwaruzo. Kwa 48 kHz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 inaipa kompyuta milisekunde 2.7 tu za kukamilisha hesabu zote za wimbo, ilhali bafa ya 1024 inaipa milisekunde 21.3. Ikiwa milisekunde 21 hazitoshi na kichakataji hakijatumika hata theluthi, basi shida haiko kwenye nguvu za kuhesabu. Kuna kitu kinachoizuia kompyuta isianze kuhesabu kwa wakati.

Tuambie kwanza unatumia kiendeshi gani, yaani programu inayoiunganisha Windows na kifaa. Kama ni ASIO (kiendeshi maalumu cha sauti chenye ucheleweshaji mdogo) iliyotengenezwa na wenye kifaa, sawa. Kama ni ASIO4ALL, fahamu kwamba hilo ni ganda tu lililovalishwa juu ya kiendeshi cha kawaida cha Windows. Husaidia pale ambapo hakuna kingine, lakini si mbadala wa kiendeshi halisi.

#3 WayaMfupi

Kabla ya kiendeshi, kebo. Kabla ya kebo, umeme. Mlango wa USB 2.0 unatakiwa kutoa miliampea 500 na si zaidi. Kiolesura kinachoishi kwa umeme huo kinalazimika kuupandisha hadi volti 48 kwa ajili ya maikrofoni ya kondensa, kuendesha hedifoni, na kuwasha vibadilishi vyake vyote. Ukikiunganisha kupitia habu (kigawanyi cha milango ya USB) isiyo na umeme wake wenyewe, ambayo tayari imebeba kipanya na diski, kifaa kinabaki na kiasi kidogo mno. Hapo ndipo kinapozimika kwa kitambo na kurudi.

Jambo la pili ni urefu. Kebo ya USB 2.0 haipaswi kuvuka mita 5, na kebo nyingi nyembamba huanza kuleta matatizo kabla ya hapo, kwa kuwa nyuzi zake za umeme ni hafifu na volti hushuka njiani.

#4 Mbitibiti

Nakubaliana na WayaMfupi kuhusu habu, ila kwa sababu tofauti. Kamera, diski ya nje na kiolesura vikipita mlango mmoja, data inazidi uwezo wa njia na sauti ndiyo inayosukumwa pembeni. Ni msongamano tu.

#5 SampuliElfu

Ndugu Mbitibiti, tupige hesabu. Chaneli mbili, mara sampuli 48,000 kwa sekunde, mara biti 24, ni biti 2,304,000 kwa sekunde. Hata ukijumlisha kwenda na kurudi hufikii megabiti 5, wakati njia ya USB 2.0 ni ya megabiti 480. Isitoshe, sauti husafirishwa kwa utaratibu unaotengewa nafasi yake mapema kwenye kila kipande cha muda, ambacho kwa USB 2.0 ni mikrosekunde 125. Diski haiwezi kuinyang'anya nafasi hiyo.

Lakini utaratibu huo una gharama yake, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Pakiti ya diski ikiharibika njiani hutumwa tena, hivyo faili lako hufika salama na hutambui kwamba kulikuwa na hitilafu. Pakiti ya sauti ikiharibika haitumwi tena, kwa sababu wakati wake umekwisha pita. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba kebo yake ni nzima kwa kuwa diski inafanya kazi vizuri juu ya kebo hiyo hiyo, huku kiolesura kikikwaruza.

Nikutendee haki pia: kifaa cha zamani cha megabiti 12 kikiwekwa nyuma ya habu ya kisasa hulazimika kupita kwenye kitafsiri cha ndani ya habu, na habu nyingi zina kitafsiri kimoja tu kinachogawanywa kwa milango yote. Hapo msongamano unaousema huweza kutokea kweli.

#6 Mbitibiti

Basi nina haki nusu. Nitaichukua hiyo nusu.

#7 NusuNota

Nashukuru kwa majibu ya haraka. Kiendeshi ni cha mtengenezaji wa kifaa, ingawa ni toleo nililoliweka zamani na sikuwahi kulisasisha. Naam, kiolesura kiko kwenye habu isiyo na umeme wake, pamoja na kipanya na diski ya nje ninayohifadhia miradi. Kebo ni ile ile iliyokuja na kifaa.

#8 DadaMikrosekunde

FundiMkimya amegusa jambo lenyewe kisha akaliacha njiani. Ndani ya Windows kuna kazi fupi ambazo viendeshi hujiwekea ili zitekelezwe mara baada ya kifaa kubisha hodi, na kazi hizo hutangulia kila programu ya kawaida, ikiwemo programu yako ya kurekodia. Kiendeshi kilichoandikwa vibaya kikishikilia kichakataji kwa milisekunde 3, bafa yako ya milisekunde 2.7 imekwisha, hata kama kichakataji kizima kinaonekana kimelala. Kipimo cha asilimia hakitakuonyesha jambo hilo, kwa sababu kinapiga wastani wa muda mrefu, ilhali ajali hutokea ndani ya kitambo kifupi sana.

Pakua LatencyMon, programu inayopima viendeshi vinavyochelewesha kompyuta, iache ifanye kazi angalau robo saa huku wimbo ukicheza, kisha fungua orodha ya viendeshi na uipange kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji. Ukiona ndis.sys iko juu, mshukiwa ni kadi ya mtandao, hasa Wi-Fi. Ukiona nvlddmkm.sys, ni kadi ya picha ya NVIDIA. Ukiona ACPI.sys kwenye kompyuta mpakato, mara nyingi ni mfumo wa kusoma hali ya betri. Unapojaribu, zima kadi ya Wi-Fi kutoka kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta. Kujitoa tu kwenye mtandao hakutoshi, kwa sababu kiendeshi hubaki macho na huendelea kutafuta mitandao.

#9 MzeeWaTepu

Vijana, mmeruka hatua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mkwaruzo unaingia kabla ya sauti kufika kwenye kompyuta.

Maikrofoni ya kondensa iliyopata unyevu hupasuka-pasuka kwa namna inayofanana kabisa na hitilafu ya bafa, kwa sababu chaji huvuja juu ya kapsuli. Kitufe cha kuzungusha kilichoingia vumbi hukwaruza. Kebo ya maikrofoni yenye lehemu iliyolegea hukwaruza mtu akiigusa. Kiolesura kingi kina njia ya kusikiliza moja kwa moja, ambapo sauti ya maikrofoni hupelekwa kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Mwimbaji na aimbe, nawe usikilize kwa njia hiyo. Ukisikia mkwaruzo hapo, funga LatencyMon na utafute pamba na dawa ya kusafishia. Usipousikia, rudi kwa hao wenye mikrosekunde.

#10 Pengwini_wa_Usiku

Shikamoo Mzee wa Tepu. Huku kwetu Linux jambo hili halina siri: mfumo wenyewe hukuhesabia kila mara bafa ilipokauka, na namba unaiona kwenye kioo. Msomaji wa Windows anakisia, sisi tunasoma.

#11 DadaMikrosekunde

Marahaba kwa niaba ya mzee, maana naona hajafika. Pengwini, hesabu hiyo inakwambia kwamba bafa ilikauka. Haikwambii nani aliyeikausha. Na kama sikosei wewe ndiwe uliyefungua uzi mrefu kuhusu JACK, ile seva ya sauti ya Linux, kukataa kuanza kwa sababu mtumiaji wako hakuwa na ruhusa ya kipaumbele cha wakati halisi.

#12 Pengwini_wa_Usiku

Uzi ule ulikuwa wa kuelimisha jamii.

Kwa uzito wake: kwenye Linux, hakikisha mtumiaji yumo kwenye kundi la audio, na kwamba mipaka ya kipaumbele na ya kumbukumbu iliyofungwa imelegezwa. Kwa vifaa vya USB, wengi wetu huweka vipande 3 vya bafa badala ya 2. Na tangu toleo 6.12 la mwaka 2024, marekebisho ya PREEMPT_RT, yanayoipa Linux uwezo wa wakati halisi, yameingizwa kwenye kerneli kuu (moyo wa mfumo), hivyo huhitaji tena kutafuta kerneli ya pembeni yenye viraka.

#13 FundiMkimya

Tumrudie mwenye uzi. Swali la Mzee wa Tepu lina jibu la hakika zaidi kuliko masikio, na wala halihitaji mwimbaji. Toa maikrofoni, zima volti 48, chukua kebo moja fupi na uunganishe tundu la kutolea na tundu la kuingizia la kiolesura hicho hicho. Hakikisha umezima usikilizaji wa moja kwa moja na kwamba chaneli unayorekodi hairudishwi nje, la sivyo utazalisha mzunguko wa kelele. Cheza toni safi ya 1 kHz kwa kiwango cha wastani, irekodi kwa dakika kadhaa, kisha kuza picha ya wimbi mahali mkwaruzo ulipo.

Wimbi likiwa na pengo tambarare la ukimya ambalo urefu wake ni sawa na bafa yako au mara kadhaa ya bafa hiyo, kompyuta ilichelewa. Likiwa limeruka ghafla kutoka sehemu moja hadi nyingine bila pengo lolote, sampuli zimepotea au zimeongezwa njiani, na hapo tunafikiria kebo, USB au saa ya kifaa, ile inayoongoza mwendo wa sampuli. Kipande cha sauti kikijirudia mara mbili, bafa ya zamani imechezwa tena kwa sababu mpya haikufika. Vilele vikiwa vimekatwa na kuwa bapa, umezidisha kiwango tu, na uzi huu wote ulikuwa wa bure.

#14 SaaMbili

Naomba niongeze kisa changu kwa sababu FundiMkimya ametaja saa. Nilikuwa na kiolesura kimoja na kipaza awali cha chaneli nane, vimeunganishwa kwa kebo ya ADAT, inayopitisha chaneli nane za sauti kidijitali. Kila kimoja kilikuwa kimewekwa kufuata saa yake ya ndani. Mkwaruzo ulikuwa wa kupima kwa mpangilio, kama mtu anayegonga meza. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha bafa, nikabadilisha hata kompyuta, na mkwaruzo ukabaki na mwendo ule ule. Nilipokiamuru kiolesura kifuate saa inayoingia kwa ADAT, ukanyamaza papo hapo.

Sababu yake ni kwamba hakuna fuwele mbili za saa zinazolingana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, kwa 48 kHz unapata tofauti ya takriban sampuli 1 kila sekunde, na sampuli hiyo lazima itupwe au irudiwe mahali fulani. Kanuni niliyoishika ni kwamba mkwaruzo wenye mwendo sawasawa ni wa saa, na usio na mwendo ni wa kompyuta.

#15 SampuliElfu

Kanuni nzuri, SaaMbili, lakini haina uhakika kiasi hicho. Kiendeshi cha betri kinachoamka kila baada ya muda maalumu nacho huleta mkwaruzo wenye mwendo sawasawa, na Wi-Fi inayotafuta mitandao hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mkwaruzo wa saa hautishiki na bafa: weka 64 au 2048, mwendo haubadiliki. NusuNota amesema wake ulipungua alipopandisha bafa.

Hata hivyo asiiondoe saa kwenye orodha moja kwa moja. Mtu mwenye kifaa kimoja tu bado anaweza kuwa na saa mbili bila kujua, kwa mfano akirekodi kwa kiolesura na kusikiliza kupitia spika za kompyuta, au akiunganisha maikrofoni ya USB na kiolesura kwa pamoja chini ya ASIO4ALL. Kwenye macOS, ukiunda kifaa kilichojumlishwa, kuna kisanduku cha kurekebisha mwachano wa saa, na kinapaswa kuwashwa kwa kila kifaa isipokuwa kile kinachoongoza.

#16 PlaginiNyingi

Mimi naona mnamwonea Wi-Fi. Wimbo wa NusuNota una plagini gani, yaani programu ndogo za kuchakata sauti? Asilimia 25 inaweza kuwa ya kutisha. Kichakataji chenye viini 4 kikijaa kiini kimoja tu, wastani unasoma 25. Plagini zilizopangwa mfululizo kwenye chaneli moja haziwezi kugawanywa kwa viini tofauti, kwa kuwa ya pili inahitaji matokeo ya ya kwanza. Chaneli kuu yenye ekwalaiza, kompresa na limita hujazana yote mahali pamoja.

Kuna na lile la mkia wa mwangwi. Sauti inapofifia, namba zinazohesabiwa huwa ndogo mno hadi vichakataji vingi huzishughulikia kwa njia ya polepole sana, na plagini ya zamani isiyozigeuza kuwa sifuri hupandisha mzigo wakati ambapo wimbo umenyamaza. Kama mikwaruzo yako huja baada ya sauti kwisha, anzia hapo.

#17 DadaMikrosekunde

PlaginiNyingi, hoja ya kiini kimoja naikubali, ingawa inategemea kipimo. Programu nyingi za kurekodia haziripoti wastani wa viini. Huripoti sehemu ya muda wa bafa iliyotumika. Kipimo cha Windows ndicho kinachopiga wastani wa viini vyote. Mwenye uzi amesema kipimo chake ni cha ndani ya programu.

#18 Mbitibiti

Swali la pembeni kidogo. Nimewahi kuambiwa kwamba ukipandisha hadi 96 kHz mkwaruzo hupungua kwa sababu ucheleweshaji unakuwa mdogo. Kuna ukweli?

#19 FundiMkimya

Ucheleweshaji hupungua kweli, na hiyo ndiyo sababu mkwaruzo huongezeka. Sampuli 128 kwa 96 kHz ni milisekunde 1.3. Umeipunguzia kompyuta muda kwa nusu, na ndani ya nusu hiyo ina sampuli zile zile 128 za kukokotoa kwa kila chaneli. Aliyekuambia alikuwa akizungumzia kiolesura alichotaka kukuuzia.

#20 NusuNota

Nimerudi na matokeo, nayatoa kama yalivyo.

Kwanza, ushauri wa Mzee wa Tepu. Nilisikiliza moja kwa moja kwa muda mrefu huku mwimbaji akiimba. Sauti ilikuwa safi. Maikrofoni na vitufe vimeponyoka.

Pili, kipimo cha toni. Mikwaruzo mingi ilikuwa mapengo tambarare, na mapengo hayo yalilingana na urefu wa bafa. Lakini michache ilikuwa miruko isiyo na pengo, na hiyo ndiyo iliyobaki hata nilipoweka bafa ya 1024.

Tatu, LatencyMon iliweka ndis.sys juu ya orodha kwa mbali. Nilipoizima kadi ya Wi-Fi, mapengo yalitoweka hata kwa bafa ya 256. Miruko haikutoweka.

Nne, nilihamisha kiolesura kutoka kwenye habu hadi kwenye mlango wa kompyuta. Miruko ilipungua sana. Kukatika kabisa kulitokea tena hata hivyo, na safari hii nilisikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuondolewa na kurudishwa. Plagini sikuzigusa, kipimo cha toni nilikifanya kwenye mradi mtupu.

#21 WayaMfupi

Mlio huo unamaliza mjadala. Kifaa kinapoagwa na kukaribishwa upya na Windows, bafa haihusiki, plagini hazihusiki, Wi-Fi haihusiki. Ni umeme au waya. Nilisema tangu ujumbe wa 3.

#22 DadaMikrosekunde

Hujamaliza mjadala wowote, ndugu yangu. Mwenye uzi ana magonjwa mawili, pengine matatu, na kila mmoja wetu amepata mgonjwa wake. Mapengo yalikuwa ya kiendeshi cha mtandao, na hilo limethibitika kwa kuzima na kuwasha. Miruko bado haina mwenyewe. Na kukatika kabisa kunaweza kuwa umeme, lakini kunaweza pia kuwa Windows inayokilaza kifaa ili kuokoa nishati. Fungua mipangilio ya juu ya matumizi ya umeme, tafuta kipengele cha kusimamisha milango ya USB isiyotumika, na ukizime, kwa hali ya betri na kwa hali ya chaja, maana ni mipangilio miwili tofauti.

#23 SampuliElfu

Kuna na uwezekano wa tatu ambao hauko kwenye waya wala kwenye Windows. Mwaka 2021 AMD ilikiri kwamba baadhi ya kompyuta zenye chipseti za mfululizo wa 500 zilikuwa zikipoteza vifaa vya USB kwa vipindi, na dawa ilikuja kwa njia ya BIOS mpya (programu inayoiwasha kompyuta) yenye AGESA 1.2.0.2, sehemu ya BIOS inayotoka AMD. Upande wa pili, maelezo ya Apple kuhusu macOS 10.14.4 ya mwaka 2019 yalitaja kuboreshwa kwa vifaa vya sauti vya USB kwenye MacBook Air, MacBook Pro na Mac mini zilizotolewa 2018. Katika hali zote mbili kulikuwa na watu wengi waliokwisha kubadilisha kebo na violesura kabla ya kujua kwamba tatizo liko kwingine kabisa. Sisemi kompyuta ya NusuNota ni mojawapo. Nasema aangalie kama kuna BIOS mpya, na asasishe kile kiendeshi alichokiri kuwa ni cha zamani, pamoja na programu iliyomo ndani ya kiolesura chenyewe.

#24 PlaginiNyingi

Mradi mtupu, alisema. Basi mimi natulia, ila naomba iandikwe kwamba sijashindwa; sijajaribiwa.

#25 NusuNota

Nimesasisha kiendeshi na kuzima usimamishaji wa USB kwa hali zote mbili. BIOS ya karibuni tayari ilikuwepo. Miruko siioni tena, ingawa kwa kuwa nilifanya mambo hayo kwa mkupuo mmoja sijui ni lipi lililoponya.

Kukatika kabisa bado kupo, na nimegundua jambo geni: hutokea kompyuta ikiwa kwenye chaja tu. Kwa betri peke yake nimerekodi jioni nzima bila kukatika.

#26 WayaMfupi

Chaja inamwaga kelele kwenye waya wa ardhi wa kompyuta, na kelele hiyo inapita hadi kwenye kiolesura kupitia ngao ya kebo ya USB. Jaribu chaja nyingine ya aina ile ile, kisha jaribu habu yenye umeme wake wenyewe. Najua nimeilaumu habu mwanzoni, lakini niliyoilaumu ni ile isiyo na umeme.

#27 MzeeWaTepu

Naam, marahaba Pengwini, nimechelewa. WayaMfupi, kelele ya ardhi ningeitarajia isikike kama mvumo au mluzi kwenye spika kabla haijafika kiwango cha kung'oa kifaa. NusuNota hajataja mvumo hata mara moja. Aangalie kwanza kama spika zake na chaja zimechomekwa kwenye soketi moja au mbili tofauti, na ajaribu kuchomoa spika kabisa huku chaja ikiwa imeunganishwa.

#28 SampuliElfu

Na kuna maelezo yasiyohitaji kelele yoyote. Kompyuta mpakato kwenye chaja hubadilisha mpango wa umeme, kichakataji hupanda kasi, na joto huongezeka. Kifaa kinachoanguka kikiwa kwenye chaja kinaweza kuwa kinaangukia huko. Njia ya kutenganisha ni kuunganisha chaja lakini kulazimisha mpango ule ule wa umeme unaotumika kwenye betri.

#29 DadaMikrosekunde

Fanya jaribio la SampuliElfu na la Mzee wa Tepu kwa nyakati tofauti, usiyachanganye kama ulivyochanganya kiendeshi na usimamishaji wa USB. Kila kukatika kunapotokea, andika saa na dakika, kisha fungua kumbukumbu za matukio za Windows na uone kilichoandikwa katika dakika hiyo chini ya USB na chini ya umeme. Tuwekee hapa maandishi yenyewe, siyo muhtasari wake.